Unene wa Karatasi

Injini ilikaa kwenye trei ya kuokea, chini ya meza ya kukatia vitambaa, tangu kabla ya mvua kuanza, na sasa mvua zilikuwa zimekwisha. Ilifunikwa kwa shuka kuukuu lenye maua. Wateja waliokuja kupimwa magauni walilitupia jicho shuka lile wakadhani labda kuna paka aliyezaa, na fundi cherehani aliwaacha wadhani hivyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza kwamba mumewe ameifungua injini ya pikipiki yake mpaka tumboni, na hajaifunga.

Maana mumewe hakuwa mtu wa kufungua kitu akakiacha. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msoma mita za maji. Alizunguka mitaa kwa pikipiki ndogo ya rangi ya maziwa, akachutama kwenye vishimo vya kando ya kuta, akafunua kifuniko cha chuma, akapangusa utando wa buibui kwa kijiti, akasoma tarakimu, akafunika. Watu walimwita Bwana Mita. Mbwa waliombwekea kila mgeni walimnyamazia yeye, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kusimama kwanza langoni na kuwaamkia, tena kwa majina. Alisema kishimo ukikiacha wazi, mtoto wa mtu atavunjika mguu. Basi alifunika vya kazini, na alifunga vya nyumbani: redio, pasi, kitasa cha mlango, cherehani ya mkewe. Akikimaliza kitu alikipigapiga kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayembembeleza mtoto mgongoni. Mkewe akiwa jikoni alizisikia zile mbili, akajua chakula kinaweza kupakuliwa.

Halafu ukaja mtetemo. Ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, kikawa kinasuguana na kidole cha shahada kama mtu anayehesabu kitu ambacho wengine hawakioni. Baadaye ukapanda mkono mzima, ukavuka kwenda wa pili. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake, akaandika vidonge, akasema kwa upole kwamba utakwenda naye polepole. Bwana Mita alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Walipofika nje akamwambia mkewe kwamba yule daktari ana mkoba wenye zipu mbovu, na kwamba mtu mwema kama yule hafai kutembea na zipu ya namna ile. Hakusema lingine mpaka nyumbani. Mkewe alielewa kwamba hicho ndicho kilio chake chote.

Pikipiki nayo ilikuwa imeanza kuugua wakati huohuo. Iligonga chini, sauti kama ya kijiko kinachosahauliwa ndani ya kikombe. Bwana Mita alimweleza mkewe kwamba mle chini kuna krenki, mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, na krenki hiyo inashikwa na beringi mbili, moja kila upande, na beringi hizo zimekula umri wote wa pikipiki, na wa wao wawili pia. Akanunua beringi mpya, akanunua sili za kuzuia mafuta, na gasketi, ile karatasi inayokaa katikati pale pande mbili za kasha la injini zinapokutana. Akashusha injini. Akalipasua kasha. Akazitoa beringi zilizochoka. Hapo akasimama.

Mwanzoni alisema anasubiri spea. Mkewe, ambaye mtaa ulimwita Fundi, hakumbishia. Siku moja alipokuwa akitafuta uzi wa kahawia kwenye droo ya cherehani ya zamani, alizikuta beringi zote mbili ndani ya karatasi zake za mafuta, na sili kando yake, na bahasha ya gasketi. Bahasha ilikuwa nyepesi mno. Hakuchungulia ndani. Aliifunga ile droo taratibu, kana kwamba kuna mtu amelala humo.

Basi ikawa hivyo. Yeye alijua, na mumewe pengine alijua kwamba anajua, na mguu wa Fundi ukawa unaigusa ile trei kila alipokanyaga cherehani.

Jumapili moja akaja shemeji yake, mdogo wa Bwana Mita, dereva wa lori, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu chini ya meza, kiatu kikagonga chuma. Akalifunua shuka.

"Shemeji, siku hizi unashona na vyuma?"

"Nashona hata midomo," Fundi akamjibu. "Sogea hapa nikupime."

Dereva akacheka mpaka kiti kikalalamika. Lakini alipomtazama kaka yake, ambaye alikuwa amekaa dirishani na mikono yake imelaliana magotini kama wanyama wawili wanaotulizana, kicheko kikamwishia njiani. Akasema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa sauti ya watu wa kawaida, kwamba Jumamosi atakuwa na gari dogo. Ataichukua hii injini aipeleke gereji kwa mtu anayemfahamu. Watu wale wanaifunga asubuhi moja, jioni inanguruma.

Fundi aliinama kwenye ushonaji wake akisubiri mumewe akatae. Huyu ni mtu aliyewahi kuhitilafiana na jirani mwaka mzima kwa sababu ya bisibisi iliyorudishwa na kutu. Huyu alikuwa akisema kwamba gereji ni mahali ambapo skrubu huzaliana, maana unapeleka kitu kimoja unarudishiwa na za ziada mfukoni.

Bwana Mita aliitazama mikono yake.

"Haya," akasema. "Njoo nalo hilo gari Jumamosi."

Dereva mwenyewe alishangaa. Alikaa kidogo tu, akaaga.

Fundi alikuwa amekaa na wateja muda mrefu kiasi cha kujua mambo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha. Mteja anayetaka kola iwe hivi na kiuno kiwe vile, akamsumbua, akarudi kupimwa tena, huyo mzima wa afya. Mteja anayekuletea kitambaa akasema shona vyovyote, huyo ana msiba. Na mumewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, alikuwa amesema shona vyovyote. Asubuhi yake Bwana Mita, ambaye kwa kawaida aliamka kabla ya jogoo wa jirani, alikuwa bado amelala jua likiwa limeshafika kwenye kabati, uso wake ukielekea ukutani, na haikuwa kwamba ana usingizi.

Hapo Fundi akapiga moyo konde. Alijua akisema nikusaidie, mlango utafungwa. Kwa hiyo aliondoa mezani gauni la bibi harusi, akatandika magazeti, akaipandisha ile trei juu, akaita kuelekea chumbani kwamba yeye hataki kuja kuambiwa na watu wa gereji kuwa amepoteza kitu. Aje amwonyeshe ni kipi na kipi, wahakiki vyote vipo kabla ya Jumamosi.

Alikuja shingo upande, na blanketi mabegani. Akaketi kwenye kiti cha dirishani. Fundi akainua upande mmoja wa kasha, akauweka mbele yake kichwa chini miguu juu, kwa makusudi.

"Siyo hivyo," Bwana Mita akasema. "Geuza."

Akageuza. Akauliza, na hii pete inakaa wapi. Akaambiwa. Akauliza, beringi inaingiaje mahali padogo hivi, inapigwa nyundo? Mumewe akamtazama kama aliyeulizwa kama gauni linafungwa kwa misumari. Blanketi likaanguka, hakuliokota. Akaanza kueleza. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipata baridi hujikunja. Lisafishwe kasha kwa petroli, kisha kwa sabuni, liwekwe kwenye oveni. Krenki ilale kwenye friza. Vitu vikitofautiana joto kiasi cha kutosha, vinapishana bila ugomvi.

"Kama watu," Fundi akasema.

"Watu wanahitaji oveni kubwa."

Hakuna aliyesema kwamba wanaifunga injini. Walihakiki tu. Wiki hiyo magauni yalisubiri, na wateja wakadanganywa kwa heshima. Krenki ikalala kwenye friza ndani ya mfuko, kati ya barafu na bakuli la maharage. Kasha likaingia kwenye oveni, nyumba ikanuka kama basi bovu. Bwana Mita alimwelekeza adondoshe tone la maji kwenye chuma, na lisipokaa bali likarukaruka, basi tayari. Tone likarukaruka. Fundi akalitoa kasha kwa matambara mawili, akaichukua beringi, akaishikilia juu ya tundu lake, akaachia.

Tok. Ilizama yenyewe mpaka chini, kama kifungo kinachopita kwenye tundu lililokatwa sawasawa. Fundi alisimama palepale na matambara yake mikononi. Alikuwa amejiandaa kwa nguvu, na nguvu haikutakiwa.

"Unaona," mumewe akasema, na upande mmoja wa mdomo ukacheka.

Sili nazo zikaingia. Alizisukuma kwa kibao cha duara cha kuzungushia uzi, ili zizame sawa pande zote. Ikabaki gasketi. Fundi akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Hiyo dukani hawakuwa nayo," Bwana Mita akasema.

Droo ilikuwa pale pale, nyuma ya goti lake. Fundi hakuitazama.

"Basi nitaikata," akasema.

Kukata alikuweza. Aliulaza upande wa kasha kwenye karatasi yake ya patani, ile nyembamba anayoitumia kuchorea magauni, akaufuatisha kwa penseli, akakata. Matundu ya bolti akayatoboa kwa chombo cha kutobolea mikanda. Alipoinua kazi yake dirishani mwanga ukapita ndani yake. Bwana Mita aliikodolea macho muda mrefu.

"Hiyo iliyozidi pembeni ni ya nini?"

Fundi akaangalia. Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe. Alikuwa ameacha nafasi ya mshono, upana wa kidole, kuzunguka injini nzima.

"Ni kawaida," akasema. "Mtu akiongezeka, tunafumua."

"Fundi. Injini hainenepi."

Walicheka. Walicheka mpaka Bwana Mita akafuta macho kwa bega, na Fundi akaona kwamba ile sauti ilikuwa imeondoka humu ndani kwa muda mrefu kiasi kwamba hata kuta zimeisahau. Akapunguza pembeni. Mumewe akaitazama tena ile karatasi, akafungua mdomo, akaufunga.

"Nzuri," akasema.

Ijumaa mchana wakaunganisha. Krenki ilitoka kwenye friza ikifuka baridi, ikateleza kwenye kasha la moto. Fundi akaipaka karatasi mafuta, akailaza, akashusha upande wa pili, akakaza bolti moja moja kwa kukingamisha, kama anavyopachika pini kwenye ukosi usije ukavuta upande. Mumewe akasema zungusha. Akaizungusha krenki kwa mkia wake. Ilikwenda kidogo, ikawa nzito, ikagoma.

Bwana Mita alimwambia alegeze, agonge ncha kwa nyundo ya mpira, pengine imeegemea upande mmoja. Akalegeza, akagonga, ikaenda. Akakaza, ikagoma. Wakarudia. Mara ya mwisho Fundi aliizungusha kwa mikono yote miwili, na krenki ikasimama kama iliyomezwa.

Akaiweka spana chini. Kesho Jumamosi. Alijiona mjinga, mwanamke mzima aliyedhani chuma ni kitambaa, na mbaya zaidi, alijiona amemfanya mumewe acheke ili tu aje amwonyeshe kwamba haiwezekani.

"Nimeiharibu," akasema.

Nje kuna mtu alikuwa akifagia, ufagio ukisugua, ukinyamaza, ukisugua. Bwana Mita alikuwa ameiweka mikono yake chini ya mapaja, anaikalia, kama alivyofanya wiki nzima.

"Siyo wewe. Ni karatasi."

Akaeleza, bila kumtazama. Gasketi siyo ya kuzuia kuvuja tu. Zile pande mbili za kasha zinaachana kwa kadiri ya unene wake, na humo ndimo krenki inapata nafasi yake. Siyo nafasi kubwa, ni ya kupumulia tu. Karatasi ya patani ni nyembamba mno. Kila ukikaza, unaibana.

"Ulijua lini?" Fundi akauliza.

"Ulipoiinua dirishani."

"Ukanyamaza."

"Ningesema nyembamba, ungeniuliza ya kiwandani iko wapi." Akaitazama droo. "Niliichana. Niliitoa kwenye bahasha, mkono ukaruka, ikachanika mbele ya macho yangu. Kitu chepesi vile. Nikajiuliza, mtu asiyeweza kushika karatasi, atashika nini tena?"

Fundi alitaka kusema mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na yote hayakufaa. Mwanamke mwingine angemkumbatia. Yeye alijua kwamba nguo iliyochanika haiombwi samahani.

"Vipande viko wapi?"

Vilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la kazi, lile la buluu, nyuma ya mlango. Fundi akavitoa. Akashika kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akakisugua taratibu, kama anavyofanya dukani muuza vitambaa anapomwambia hii ni pamba tupu. Kisha akaanza kupekua. Alivuta kila karatasi iliyokuwamo katika chumba kile. Ile inayokaa ndani ya shati jipya ilikuwa nene mno. Jalada la daftari, bado kidogo. Mwishowe akabaki na mbili: kadi inayozungushiwa utepe, na kifuniko cha boksi la vifungo. Vidole vyake vilikuwa vimeshachagua. Lakini akazileta zote kwa mumewe.

"Ipi?"

Bwana Mita akatoa mkono mmoja chini ya paja, ukapepesuka hewani. Akaurudisha.

"Siwezi kuhisi kitu kwa huu."

"Nani kakuambia mkono?"

Maisha yake yote Fundi alikuwa amebana pini midomoni, na alijua mdomo una akili. Akamwekea mumewe kipande cha ile iliyochanika kati ya midomo, akamwambia afumbe macho. Akakitoa, akaweka kadi ya utepe. Akatoa, akaweka ya vifungo. Bwana Mita alikaa wima, macho yamefumbwa, ndevu zake nyeupe zikicheza kidogo, na uso wake ukawa ule wa zamani, uso wa mtu aliyechutama juu ya kishimo anasoma tarakimu kwenye mwanga hafifu.

"Rudisha ya katikati," akasema. Akaionja tena, akafumbua macho. "Hii. Ya utepe."

"Hata mimi nimesema hiyo."

"Hukusema."

"Nilisema moyoni. Wewe ndiye uliyekuwa umefumba macho."

Asubuhi ya Jumamosi, gasketi ikiwa imekatwa kutoka kwenye kadi ya utepe, waliifungua injini tena na kuifunga upya. Safari hii Fundi aliongeza jambo moja, na alilisema kama jambo dogo. Mdomo wa spana juu ya bolti ni kazi ya kushika, akasema, hiyo ni yake. Mpini ni kazi ya kuvuta, na kuvuta hakuhitaji kidole kilichotulia. Bwana Mita alimtazama, akaelewa, akainuka kitini. Akaukamata mpini kwa kiganja kizima. Mkono ulitetemeka, mpini ukatetemeka, lakini mkewe alikuwa ameibana ile ncha nyingine kwa mikono miwili, na bolti haikujua lolote. Ilijua kukazwa tu. Wakaenda hivyo kwa kukingamisha, mumewe akiita, hii, sasa ile ya pili yake, usimalize, rudi hapa. Na walipofika mwisho Fundi akauachia mkia wa krenki, mumewe akausukuma kwa pembeni ya kiganja.

Ikazunguka. Laini, bila kelele, kama gurudumu la cherehani lililotoka kutiwa mafuta, ikaendelea kidogo hata baada ya kuachwa.

Dereva alipofika na gari lake, aliwakuta wakimalizia silinda. Alisimama mlangoni akijaza mwanga wote.

"Nimekuja kuchukua mgonjwa."

"Umechelewa," Fundi akasema. "Njoo unyanyue. Huo mwili siyo wa kulia chakula tu."

Akanyanyua, akalalamika, akaipeleka uani, akaipachika kwenye pikipiki kaka yake akimwelekeza kwa kidevu. Alipokuwa amepiga magoti akikaza injini kwenye chuma chake, akaikagua ile karatasi iliyochungulia katikati ya kasha, akaona wino wa waridi wa kadi ya utepe. Akainua macho.

"Hii kaifunga nani?"

Bwana Mita akamtazama mkewe. Alikuwa tayari kusema ni yeye, ilionekana usoni.

"Aliyeifungua," Fundi akasema, akaenda kunawa mikono.

Alikuwa bado bombani aliposikia kiki ya kwanza, na ya pili, na shemeji yake akitweta na kuiuliza pikipiki ina undugu gani na punda. Kisha ikawaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mwingi, ikatulia. Fundi alifunga bomba asikilize vizuri. Hakuna kijiko kwenye kikombe. Alingoja kidogo, asijidanganye. Hakuna.

Alipotoka, Dereva alikuwa amezima na anauliza kwa mzaha, lakini siyo kwa mzaha kabisa, haya, sasa nani atakayeiendesha.

"Atajifunza Fundi," Bwana Mita akasema. "Miguu yake imekanyaga cherehani maisha yote, haiogopi. Mimi nitakaa nyuma, niwaamkie mbwa."

Akaisogelea pikipiki, akainama, akalipigapiga lile kasha kwa kiganja. Mara mbili, kama kawaida yake. Mkono ukaongeza ya tatu, ukaongeza nyingine, ukaendelea kwa hesabu zake wenyewe, na yeye hakuuzuia.